Aliyemfunika Mtoto

Mpima joto wa kampuni alipogonga mlango, Jingyi alikuwa bafuni anafua nguo za mtoto, vidole vimemwiva vyekundu kwa maji baridi. Alikuwa akimsubiri mtu huyo tangu theluji ya kwanza. Alikuwa amepiga simu mpaka yule dada wa mapokezi akaizoea sauti yake, akaambiwa angoje, akangoja, akapiga tena, akaambiwa kwamba mwaka huu kila mtu anasikia baridi, si yeye peke yake. Aliposikia mlangoni sauti ya mwanamume ikisema, "Kampuni ya joto," aliziacha nguo kwenye beseni akatoka mbio, anajifuta mikono kwenye suruali.

Mwanamume mwenyewe alikuwa mnene, amevaa koti la buluu lenye jina la kampuni mgongoni. Alikuwa anajivisha mifuko ya nailoni juu ya viatu, kwa shida, maana tumbo lilikuwa halimruhusu kuinama.

"Chumba cha mtoto kiko wapi?"

"Hiki hapa, kaka. Karibu. Utajionea mwenyewe. Leo alfajiri kilikuwa digrii kumi na tatu. Mtoto hajatimiza miezi mitatu, halafu anaamka pua imekuwa baridi kama..."

"Dada, tukiache kipimo kiseme."

Jingyi akausukuma mlango wa chumba, na hapohapo akahisi hewa ya uvuguvugu inampiga usoni. Mama mkwe wake, Guirong, alikuwa amesimama kando ya kitanda cha mtoto, amempakata Maimai, anatabasamu kama mtu aliyeandaa nyumba kwa ajili ya mgeni.

Yule mnene alikiweka kipimajoto katikati ya chumba, juu ya kigoda, akakunja mikono na kusubiri. Kisha akakiinua, akamwonyesha Jingyi, kama muuza nyama anayemwonyesha mteja mizani.

"Ishirini na moja. Kanuni ni kumi na nane. Kuna watu mji huu wangeuza meno yao wapate chumba kama hiki."

"Haiwezekani. Pima tena. Pima sebuleni."

"Ulilalamikia chumba cha mtoto, nimepima chumba cha mtoto." Macho yake yakaufuata waya mweupe uliotoka kwenye swichi ukutani, ukapita nyuma ya pazia, ukapotelea nyuma ya kabati. Akacheka kidogo. "Na hiyo hita yenu, mama, ni nzuri. Mmenunua wapi?"

"Umeiona!" Jingyi akapaza sauti. "Umeiona, kwa hiyo unajua kwamba joto hili si lenu!"

"Mimi kazi yangu kupima joto, dada. Siulizi limetoka wapi." Akamnyooshea kalamu. "Sahihi hapa. Kama hutaki, naandika kwamba umekataa. Yote sawa kwangu."

Jingyi hakutia sahihi. Yule mtu akaandika alichotaka kuandika, akavua mifuko yake ya viatu mlangoni na kuikunja vizuri ili akaitumie nyumba nyingine, akaenda zake.

Walibaki wawili na mtoto. Mabomba ya maji moto chini ya dirisha yalikuwa vuguvugu tu, kama chai iliyosahauliwa. Ndivyo yalivyokuwa msimu mzima. Nyumba yao ilikuwa ya pembeni, ghorofa ya juu kabisa, kuta mbili zinapigwa na upepo wa nje. Na nyumba ya chini yao, ya mzee mgane aitwaye Gai, ilikuwa imefungwa koki ya joto kwa sababu mwenyewe hakulipia, na maji moto ya kupanda kwao yalipitia humo kwa kusuasua. Kwa hiyo sakafu ilikuwa barafu, na dari barafu, na katikati ndimo alimolala Maimai.

"Kwa nini, mama?" Jingyi akauliza.

"Kwa nini nini?"

"Nilikwambia anakuja mpimaji."

"Ndiyo maana nikapasha. Ulisema anakuja mtu, mlango utafunguliwa, baridi itaingia. Mtoto angekohoa."

"Nilitaka aione hiyo baridi! Ndicho alichokuja kukiona!"

Guirong akamkazia macho. "Kwa hiyo ningemwacha mjukuu wangu agande ili lile tumbo lione?"

"Nusu saa tu, mama. Ungempeleka jikoni, ukafunga mlango, ukakaa naye karibu na jiko. Nusu saa."

Jambo la jikoni halikuwa limempitia Guirong akilini kabisa. Alimgeuza mtoto bega la pili, akaanza kumpigapiga mgongoni ingawa mtoto hakuwa analia.

*

Tangu Maimai azaliwe, wanawake hawa wawili walikuwa wakivutana juu ya namna ya kumlaza. Jingyi alikuwa amehudhuria mafunzo ya zahanati akiwa mjamzito, akarudi na masharti. Mtoto alale ndani ya mfuko wa kulalia wenye mikono, si chini ya mfarishi mzito wa pamba. Kitanda chake kikae mbali na dirisha na mbali na mabomba. Hakuna mto. Hakuna blanketi la umeme hata siku moja. Na anayetaka kujua kama mtoto anasikia baridi asimshike mikono, amshike shingo kwa nyuma.

Guirong alikuwa amelea watoto wawili kijijini juu ya kitanda cha udongo kilichopashwa moto kwa mabua ya mahindi, akawafunga kama matita, na wote wawili wako hai. "Unamlaza mtoto kama samaki kwenye sahani," alisema siku ya kwanza alipouona ule mfuko. "Hata mbwa wa Gai alikuwa na blanketi."

Lakini alikuwa mtu wa kujaribu mambo. Siku moja Jingyi amelala mchana, Guirong aliingia polepole, akashika mikono ya mtoto, ikawa baridi kama vijiko. Akaingiza vidole nyuma ya shingo. Kulikuwa na joto, joto zuri, kama mkate uliofunikwa kitambaa. Akarudia kesho yake na kesho kutwa, akakuta vilevile. Basi tangu hapo akaacha mfarishi, akaufuata mfuko wa kulalia kuliko hata Jingyi mwenyewe. Akawa anamzomea mwanawe, baba wa mtoto, kila anapomwekea mtoto kofia ndani ya nyumba. Ila hakumwambia mkwewe kwamba amekubali. Furaha hiyo hakutaka kumpa.

Kwa hiyo Jingyi hakujua. Kila alipotoka chumbani aliendelea kusema, "Mama, usimfunike," na Guirong aliendelea kujibu, "Nimesikia, siyo kiziwi," na ilionekana kama ugomvi ule ule wa siku zote.

Dapeng, mume wa Jingyi, alikuwa dereva wa gari la kusambaza madumu ya maji ya kunywa. Alipanda ngazi na madumu mgongoni kuanzia asubuhi, na akirudi nyumbani alikuwa mtu wa kuanguka popote alipofika. Jioni ile alisikiliza habari ya mpimaji huku anakula. Mama yake alisimulia, mkewe akasimulia, yeye akasema, "Nitaongea nao."

"Nani?" Jingyi akauliza.

"Hao wa kampuni."

"Lini?"

Dapeng akaongeza chakula.

"Kesho nakwenda mwenyewe," Jingyi akasema. "Nitakaa pale mpaka wanipe mtu mwingine, nitakuja naye kwa teksi nikimshika sikio. Na kesho hita haiwashwi. Isiwashwe kabisa. Nikirudi na huyo mtu nataka chumba kiwe kama kilivyo."

"Na mtoto?" Guirong akauliza.

"Mtoto ana mfuko wake na nguo mbili ndani. Digrii kumi na nne hazimuui."

Guirong akamtazama mwanawe, aseme neno. Dapeng alikuwa anachokoa meno.

*

Kesho yake, baada ya Jingyi kuondoka, Guirong alikoroga nyama ya nguruwe na kabichi iliyochachuka, akasukuma unga, akakunja jiaozi nyingi kuliko za kuliwa na watu wa nyumba ile. Alizichemsha, akazipanga kwenye bakuli la bati, akafunika kwa sahani. Ndani ya soksi alikuwa ameweka fedha alizochukua benki asubuhi na mapema, karibu pensheni yake yote ya msimu. Alikuwa ameona jana kwamba ameharibu. Alitaka kutengeneza.

Dapeng alikuwa amerudi kwa mapumziko ya mchana.

"Mtazame mtoto, nashuka kwa Gai mara moja," akamwambia. "Amelala. Usimwamshe, usimwinue, usimfunike."

"Mama, najua kulea."

"Hujui. Ukisikia analia, niite ngazini."

Mzee Gai alimfungulia mlango akiwa amevaa koti la kijeshi na kofia ya manyoya iliyoshuka masikioni. Humo ndani pumzi ilikuwa inaonekana. Kitandani kulikuwa na chupa mbili za maji moto zimelazwa kama watu wawili.

"Mama Dapeng," akasema. "Umekuja kunitukana au kunilisha?"

"Vyote viwili. Kula kwanza."

Alikula amesimama, haraka, halafu akaona aibu akakaa. Guirong akakaa mkabala naye bila kuvua skafu.

"Kaka Gai, fungua joto. Juu kuna mtoto mchanga."

"Nimemsikia. Ana mapafu mazuri."

"Sakafu yake ni dari yako."

"Na dari yangu ni sakafu yake, ndiyo. Nikiwasha mimi, mnalala nyinyi kwa raha. Mimi nani amewahi kuniwashia?" Alifuta mdomo kwa kiganja. "Kijana wangu alizoea kutuma kila mwaka mwezi wa kumi. Mwaka huu simu yake inalia, hapokei. Sasa unataka niende kule ofisini nikasimame dirishani, niseme nini? Kwamba mwanangu amenisahau?"

"Useme umekuja kulipa." Guirong akainama, akatoa fedha kwenye soksi, akaziweka mezani.

Gai akazitazama kama mtu aliyetemewa mate. "Ondoa."

"Siondoi."

"Mimi nilikuwa fundi mkuu wa karakana, mama Dapeng. Nilikuwa na watu chini yangu."

"Na mimi nilikuwa nasokota uzi. Wote tumestaafu. Ondoa wewe kama unaweza."

Fedha zikabaki. Mwishowe Gai alichukua birika akazifunika nalo, ili wasizione, akasema, "Kesho nitakwenda. Lakini kunywa chai kwanza. Usiniachie fedha ukakimbia kama umempa ombaomba."

Guirong alitaka kuondoka. Lakini ilikuwa vigumu kumnyima chai mtu ambaye umemvunja heshima namna ile, kwa hiyo akanywa, akasikiliza habari za karakana, na za marehemu mkewe, na za mbwa wake aliyekufa. Juu kulikuwa kimya. Alidhani kimya ni kizuri.

*

Dapeng hakuwa amefanya jambo baya kwa kukusudia. Aliingia chumbani kumtazama mwanawe kwa sababu alimpenda, na chumba kilikuwa baridi, hita imefungwa kwenye sanduku lake juu ya kabati kama mkewe alivyoagiza. Akamshika mtoto mikono. Mikono ilikuwa baridi kama chuma. Akawatukana kimoyomoyo wanawake wote wawili na mashindano yao, akambeba Maimai pamoja na mfuko wake mpaka kitanda kikubwa cha chumba chao, akamlaza juu ya blanketi la umeme analolalia yeye na Jingyi, akaweka namba ya juu ili lipate moto upesi, akamfunika kwa mfarishi wa pamba mpaka kichwani, akamwachia tundu la kupumulia. Alikusudia kurudisha namba chini baada ya muda mfupi. Akaketi kwenye kochi, akanyoosha miguu.

Guirong alipofungua mlango alimkuta amelala mdomo wazi, simu kifuani. Kitanda cha mtoto kilikuwa kitupu. Akakimbilia chumba kikubwa. Alipofunua mfarishi alipigwa na mvuke, mvuke kabisa, kama anafunua chungu. Maimai alikuwa ameloa kuanzia nywele hadi nyayo, uso umekuwa wa zambarau, na shingo yake, alipoiinua, haikushika kichwa.

"Dapeng!" Sauti ile Gai aliisikia chini. "Dapeng! Umemfanya nini? Umemfanya nini?"

*

Kampuni ya joto ilimweka Jingyi kwenye benchi la mbao tangu asubuhi. Mapokezi walimwambia lalamiko lake limefungwa, kipimo ni ishirini na moja, na lalamiko lililofungwa halifunguliwi msimu huohuo. Alisema kuhusu hita. Wakamuuliza kama ana ushahidi kwamba hita ilikuwa inawaka. Alipiga kelele, watu waliokuja kulipa wakageuka kumtazama, mwanamke mmoja akasema wanawake waliojifungua karibuni huwa na hasira za namna hii, ni damu. Mlinzi akamshika kiwiko kwa upole wa kumdhalilisha. Alikuwa bado anavutana na mlinzi huyo simu ya Dapeng ilipoita.

Hospitali aliwakuta kwenye korido, mume na mama mkwe, wamesimama mbali mbali kama wasiojuana. Guirong alikuwa amevaa ndala za nyumbani. Hakukumbuka kubadili viatu. Mlango ulifunguliwa, akatoka daktari, mwanamke kijana mwenye macho ya uchovu.

"Mama wa mtoto?"

"Mimi."

"Amepata joto kupita kiasi na kukosa hewa. Amepata degedege mara mbili, tumelizuia. Ninahitaji kujua alikaa hivyo kwa muda gani. Nani alimfunika?"

Dapeng akafungua mdomo. Kwa muda mrefu sana, au Guirong aliona ni muda mrefu, hakuna kilichotoka.

"Mimi," Guirong akasema.

Dapeng akageuka kumtazama mama yake.

"Na blanketi la umeme?" daktari akauliza.

"Mimi."

"Bibi, kila baridi mnatuletea watoto wa namna hii. Kila mwaka. Mnawapika." Hakusema kwa ukali, alisema kama mtu anayetaja bei ya kitu. "Muda gani?"

"Tangu nilipo..." Guirong akasita, akahesabu chai ya Gai, karakana, mkewe, mbwa. "Muda mrefu."

Jingyi alikuwa amemsikiliza bila kupepesa. Alipozungumza, sauti ilikuwa ndogo.

"Nilikwambia."

"Uliniambia."

"Nilikwambia kila siku. Nilikwambia mpaka nikachoka kujisikia."

"Ndiyo," Guirong akasema. "Uliniambia kila siku."

Hakuwa na shaka hata kidogo, Jingyi. Na ndani kabisa, mahali ambapo mtu hajichungulii, kulikuwa na kitu kama nafuu. Maana njia yote ndani ya teksi alikuwa ameiwaza hita juu ya kabati, na nani aliyesema isiwashwe. Sasa alikuwa amepata mahali pa kuutua mzigo huo, na aliutua wote.

*

Maimai hakufa. Siku zilizofuata alianza kunyonya tena, kwa uvivu, anaachia ziwa kabla hajashiba. Daktari alisema ataishi. Hayo mengine, kuona, kusikia, kukaa, kutembea, yatajulikana atakapokua, na waje kila mwezi. Jingyi alilala kwenye kiti kando yake. Guirong alikuwa anakuja na supu kwenye chupa ya kuhifadhi joto, anaiacha kwa muuguzi, anarudi.

Siku moja Jingyi alimwita Dapeng kwenye korido, karibu na mashine ya maji moto.

"Mtoto akirudi nyumbani, mama yako asiwepo."

Dapeng akatazama sakafu. "Yeye hakukusudia."

"Sikusema alikusudia. Nasema asiwepo. Siwezi kuoga, siwezi kulala, siwezi kwenda dukani kununua chumvi, nikijua yuko naye. Wewe ungeweza?"

"Jingyi..."

"Nini?"

Nyuma yao mzee mmoja alikuwa anajaza maji moto kwenye bilauri yake ya bati. Dapeng alingoja amalize. Mzee alimaliza, akaenda. Jingyi alikuwa anamtazama mumewe, uso umekonda, tayari kusikia chochote.

"Nitampigia dada kule Mudanjiang," Dapeng akasema. "Ana nafasi."

"Mpigie leo."

Jioni hiyo Dapeng alikutana na Gai ngazini. Mzee alikuwa amevua kofia yake ya manyoya, nywele zimemlala. "Mwambie mama yako koki wamefungua," akasema, hamtazami usoni. "Mwambie nimelipa fedha zote alizoniachia, sikubakiza hata senti. Na mtoto?"

"Yuko hai."

"Mimi ndiye niliyemng'ang'aniza chai," Gai akasema. Akateremka.

Ndivyo Dapeng alivyojua fedha za mama yake zimekwenda wapi. Nyumbani alikuta sakafu ina uvuguvugu, na mabomba chini ya dirisha, kwa mara ya kwanza msimu ule, hayashikiki kwa mkono mtupu. Guirong alikuwa anakunja nguo zake na kuzipanga kwenye begi.

*

Walifika kituo cha mabasi mapema mno, maana Dapeng alikuwa lazima arudishe gari la kazini. Walikaa kwenye viti vya plastiki, begi katikati yao. Guirong alikuwa amevaa koti lake la kwendea harusini.

"Mama, nitamwambia."

"Utamwambia lini?"

"Mtoto akipata nafuu. Sasa hivi akili yake haijatulia."

"Mtoto akipata nafuu utasema, kwa nini nichafue hewa, mambo yamepoa. Asipopata nafuu utasema, nitamwambiaje sasa?" Guirong alisema bila kumtazama, macho yake kwenye mlango wa vioo ambao kila ulipofunguliwa uliingiza wingu la baridi. "Nimekulea, nakujua."

"Sikukuomba useme ni wewe."

"Hukuniomba."

"Ungeniacha. Nilikuwa nataka kusema."

Hapo ndipo Guirong alipogeuka. Uso wake haukuwa wa mtu anayesamehe.

"Usifikiri nilisema kwa huruma. Watu wataniambia mama ni mama. Hapana. Daktari aliuliza, nikakutazama. Ukafungua mdomo, nikangoja. Nilingoja, Dapeng. Nikaona hakitoki kitu, na nikaona jicho lako linanitafuta mimi. Ulikuwa tayari unanipa mzigo, ulikuwa unasubiri tu niupokee. Nikaona bora niuchukue mwenyewe kuliko nivishwe na mwanangu mbele ya mkwe wangu."

Kipaza sauti kikatangaza basi la Mudanjiang. Watu wakaanza kuinuka na kusukumana. Dapeng akanyanyua begi. Mama yake akalichukua mkononi mwake, si kwa nguvu, akalichukua tu.

"Acha. Nenda kwenye gari lako, watakukata mshahara."

Aliingia kwenye foleni, koti lake jekundu katikati ya makoti meusi, na hakugeuka. Dapeng alisimama pale hadi basi lilipotoka, kwa sababu hakujua asimame wapi kwingine.

Jingyi na mtoto walirudishwa nyumbani siku hiyohiyo alasiri. Dapeng alipoingia jioni alimkuta mkewe amevaa fulana tu, mikono wazi, anazungukazunguka chumba cha mtoto anagusa mabomba, anagusa ukuta, anagusa sakafu kwa kiganja. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya hospitali uso wake ulikuwa umelegea.

"Umeona? Umeona, Dapeng? Nilipiga kelele mpaka mlinzi akanishika, na wameogopa. Wamefungua. Mtu asipopiga kelele katika nchi hii anaganda."

Maimai alikuwa amelazwa chali kitandani mwake, macho wazi, anatazama darini. Jingyi alimpitishia kijiti chenye kengele usoni, upande huu, kisha upande ule. Macho hayakufuata. Akarudia, taratibu zaidi.

"Amechoka na safari," akasema.

"Ndiyo. Amechoka."

Jingyi akakiweka kijiti chini. "Na mama? Amesema nini wakati wa kuondoka?"

Dapeng alikuwa amesimama mlangoni na koti lake zito, jasho linaanza kumtoka mgongoni. Akavua koti. Akavua sweta pia, akatafuta mahali pa kulitundika.

"Hakusema kitu," akasema.